Mkaguzi na Kuta Nne za Sebule

Mkaguzi hakuitikia salamu ya mtu kabla hajamtazama miguuni. Ukimwambia shikamoo, macho yake yalishuka mpaka kwenye viatu vyako, yakatulia hapo kidogo, yakapanda taratibu hadi kwenye kola, ndipo ukapewa marahaba yako. Na marahaba yenyewe ilikuwa na madaraja. Ile ndefu, ya kuvutwa, alipewa mtu aliyechomekea shati. Ile fupi tuliachiwa sisi tuliotoka sokoni na vumbi la marobota ya mitumba kwenye kanga. Vijana wa kijiwe cha karibu na stesheni walikuwa wakihesabiana alama. "Mimi leo kanipa sabini," mmoja alisema. Mwenzake akamjibu, "Mimi kanifelisha, na kandambili zangu mpya."

Alikuwa amestaafu ukaguzi wa shule kabla sijawa jirani yake, kwa hiyo sikuwahi kumwona akikagua shule hata moja. Nilimwona akikagua vitu vingine vyote.

Kwenye mazishi ya mzee mmoja wa mtaa wetu alisimama ukingoni mwa kaburi, akainama, akafumba jicho moja, akasema pembe moja imekwenda upande. Wachimbaji walimtazama. Mchungaji alimtazama. Nadhani hata marehemu alisubiri. Pembe ikachongwa upya, mvua ikatukuta hapo hapo, tukalowa wote pamoja na jeneza. Mwaka mmoja nilimpelekea chapati za Pasaka. Alizila zote nikiwa nimesimama mlangoni, akafuta midomo, akaniambia, "Jirani, nashukuru. Ila mduara wako haufungi vizuri upande wa kushoto."

Neno lake lilikuwa vigezo. "Vigezo kwanza, vitu baadaye," alisema, na kwa sababu hiyo vitu vingi nyumbani kwake havikufika kabisa. Mlango wake wa uani ulifungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli miaka yote niliyomjua. Komeo la zamani lilikuwa limekatika, na yeye alikuwa bado anatafuta komeo linalokidhi vigezo. Mtu aliyeona kosa la pembe ya kaburi kwa jicho moja hakuona mbuzi wa jirani akiingia na kutoka jikoni kwake kama mpangaji.

Tulikaa kwenye kota za zamani za reli hapa Kilosa, zile za kuta nene na vyumba vyembamba, zenye dari ya juu sana, kana kwamba waliozijenga walitazamia wapangaji warefu. Mimi ni mjukuu wa kibarua wa mkonge. Yeye na mkewe, Mama Rehema, walikuwa watu wa milimani, Wakaguru waliosomeshwa na misheni, wakashuka mjini kwa kazi na hawakupanda tena. Ukuta mmoja tu ulinitenganisha nao, na kupitia ukuta huo nilisikia mengi. Walipogombana walihamia Kikaguru ili nisielewe. Kusema kweli sikuelewa neno, ila wimbo niliujua. Sauti ya Mkaguzi ilikwenda kwa hatua, moja, mbili, tatu, kama mtu anayesoma mambo yaliyopangwa kwa namba. Sauti ya Mama Rehema ilikuja mara moja tu, fupi, na baada yake palikuwa kimya.

Kuna jambo moja ambalo hakupenda lionekane. Alifua nguo za mkewe. Asubuhi moja nilimkuta uani akianika kanga zake, kazipanga kwenye kamba zimenyooka, maandishi yote yametazama upande mmoja yanasomeka kama ubao wa darasani. Aliponiona alikohoa. "Nakagua tu kama zimekauka," alisema. Zilikuwa zinadondosha maji kwenye viatu vyake.

Hayo yote yalikuwa kabla Mama Rehema hajaanguka. Mvua ilikuja ghafla, akakimbilia kuanua nguo, akateleza kwenye ngazi za nyuma, nyonga ikavunjika. Hospitali walimfunga mguu, wakasema mfupa utaunga lakini kwa muda mrefu alale chali, asijigeuze. Chumbani kwao palikuwa na joto na hapakuwa na nafasi ya mtu kupita kumhudumia, basi kitanda kikahamishiwa sebuleni. Sebule ile ilikuwa ndogo tangu zamani. Sasa ilikuwa na kitanda, kochi moja na kabati la vyombo la Mama Rehema, na ukitaka kupita ulipita kiubavu.

Mama Rehema alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa na maoni juu ya kila mchele uliopikwa mtaani. Wiki za kwanza nilimsikia kupitia ukuta akitoa amri za jikoni akiwa kitandani. Baadaye amri zikapungua. Nikienda kumjulia hali nilimkuta kakodoa macho juu, hasinzii wala hatazami kitu. Nikimuuliza kama amekula, ananijibu, "Nimekula," na chakula kipo pale kimepoa.

Binti yao, Rehema, alikuwa na mgahawa Mikumi, barabarani, pale malori yanaposimama. Alipiga simu, na kwa sababu baba yake aliweka simu kwenye spika kila mara, nami nilisikia.

"Baba, nataka nimnunulie mama kitu cha kumchangamsha. TV kubwa. Au ile projekta, kama ya mpira. Niambie ipi, mimi nalipa."

"Si jambo la kukurupuka," alisema Mkaguzi.

"Nani anakurupuka? Nimekuuliza ipi."

"Kwanza chumba kikaguliwe."

Ndipo ukaguzi ulipoanza. Alizipima kuta zote nne kwa kamba. Ukuta wa kwanza una dirisha la mashariki, jua likiingia asubuhi projekta haitaonyesha kitu ila mzuka. Wa pili una kabati, na kabati ni la harusi, halisogezwi. Wa tatu, wa miguuni mwa kitanda, una mlango, na mlango ukifunguliwa utagonga runinga usoni. Wa nne ulikuwa ule wetu wa pamoja, na uko kichwani mwa mgonjwa. Aliniita nije nisimame dirishani na nyungo mbili nimeziinua juu, zikiwa badala ya runinga, na yeye akarudi nyuma ili aone. Alirudi hatua mbili, mgongo ukafika kwenye kabati, vikombe vikalia. Mama Rehema alikuwa katikati yetu kitandani. Alikuwa anatazama juu.

Habari ikaenea, na washauri wakaja. Wawili walikuja kila jioni. Fundi wa redio wa sokoni alitaka runinga, tena kubwa iwezekanavyo, kwa sababu shemeji yake aliuza runinga. Mzee wa kanisa alitaka projekta, kwa sababu kanisa letu halikuwa na projekta, na alikuwa amezoea kuona vitu vya wagonjwa vikitolewa sadaka baadaye, kwa sababu moja au nyingine. Hawakusema hivyo, bila shaka. Fundi alisema, "Macho ya mtu mzima yanahitaji picha yenye nguvu." Mzee wa kanisa alijibu, "Nguvu gani? Chumba kama hiki, ukiweka inchi hamsini na tano, mtu atapigwa na mwanga kama sungura barabarani."

"Projekta hiyo umeme ukiyumba kidogo taa yake inakufa."

"Na TV haifi?"

"TV inakufa kwa heshima."

Walibishana kitandani kwa mgonjwa, mmoja huku na mmoja kule, vikombe vya chai wameviegesha kwenye blanketi lake. Mkaguzi alikaa kwenye kochi kama hakimu. Wiki zikapita. Rehema akipiga simu aliambiwa kwamba hoja za pande zote mbili bado zinasikilizwa.

Hatimaye Mkaguzi akaamua kwenda Mikumi akaone kwa macho yake. Mimi nilikuwa na safari yangu ya kupeleka makoti, maana Mikumi abiria wa Iringa hununua koti la mtumba dakika ya mwisho, wakikumbuka baridi iliyoko mbele. Mama mmoja wa jumuiya akabaki na Mama Rehema, sisi tukaondoka.

Tulianza na projekta. Ilikuwa kwenye baa moja nyuma ya maegesho ya malori, mchana, wamefunika madirisha kwa maturubai, na mpira unaonyeshwa kwenye shuka ukutani. Madereva wamejaa. Mkaguzi aliingia kwa mwendo wake, akaenda moja kwa moja mbele, akaisogelea shuka, akaishika pindo kwa vidole viwili kuona kama imenyooshwa.

"Mzee, kaa chini! Unatuzibia!"

Akageuka polepole. Mwanga ukampiga wote, mchezaji akawa anakimbia kwenye shati lake.

"Vijana," alisema, "mtu mzima ameingia. Hakuna salamu?"

"Shikamoo!" baa nzima ikapiga kelele. "Shikamoo mzee, sogea!"

Akawatazama viatu. Kulikuwa na giza, ikamchukua muda. Wakati huo huo goli likafungwa, na lilifungwa kifuani kwake, kati ya kifungo cha pili na cha tatu. Kelele zilizofuata si za kuandikwa. Nilimvuta mkono tukatoka, na nje, akijifuta jasho, akaniambia, "Marahaba nilikuwa nimeiandaa. Hawakuningoja."

Runinga tuliiona kwenye nyumba ya wageni. Ilikuwa imetundikwa mapokezi, chumba kidogo kama sebule ya Mkaguzi, na mwenye nyumba alikuwa ameipenda kwa ukubwa wake tu. Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha pekee, magoti karibu yaguse kioo. Msoma habari alikuwa anasoma habari.

"Naona matundu ya pua," alimwambia dada wa mapokezi. "Sura siioni."

"Wageni wengi wanaangalia wakiwa nje, baba," dada alisema. "Tunawafungulia mlango."

Kweli, ng'ambo ya ua wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanatazama habari kupitia mlangoni, wametulia kabisa.

Kwa Rehema tulikula wali na maharage. Mkaguzi alikuwa ameanza kueleza upungufu wa kila upande, ameshafika kwenye suala la kelele ya feni ya projekta, binti yake alipoweka sahani chini.

"Baba. Mama atapona au atakufa, wewe hujachagua."

"Usiseme hivyo."

"Juzi nimeongea naye. Nimemwambia nimepika pilau, nimeweka maji mengi, imekuwa bokoboko. Unajua kaniambia nini? 'Ndiyo mwanangu.' Mama yangu mimi! Nimemwambia pilau imekuwa bokoboko na hajanitukana!"

Mkaguzi alikaa na kijiko mkononi. Lori lilipita, vikombe vikatetemeka mezani, likatokomea, na yeye bado ameshika kijiko. Tuliporudi Kilosa hakutamka vigezo njia nzima. Tulipopita kijiji cha Ulaya aliniuliza kama nadhani bokoboko huja kwa maji mengi au kwa moto mdogo. Nikamwambia kwa maji. Akasema, "Angejua Mama Rehema."

Kesho yake jioni washauri walikuja kusikia ripoti. Mkaguzi aliitoa akiwa amesimama, lakini bila ile sauti ya hatua. Fundi akadakia, mzee wa kanisa akadakia, wakaanza tena juu ya ukuta wa dirisha na ukuta wa mlango. Mimi nilikuwa nimeleta uji. Ndipo Mama Rehema aliposema:

"Mkaguzi."

Hata yeye alimwita hivyo mbele za watu.

"Naam."

"Njoo ulale hapa."

"Wapi?"

"Chini. Kwenye mkeka, pembeni ya kitanda. Lala chali."

"Mama Rehema, kuna wageni."

"Nawaona. Lala."

Nilidhani watahamia Kikaguru. Hawakuhamia. Mkaguzi alivua viatu, akavipanga, akakunja suruali magotini isije ikapata mikunjo, akajilaza kwenye mkeka, mikono ubavuni. Sikuwahi kumwona amelala. Alionekana mfupi.

"Unaona nini?" Mama Rehema akamuuliza.

"Dari."

"Ukuta wa dirisha unauona?"

"Hapana."

"Wa kabati je? Wa mlango?"

Akajaribu kuinua kichwa.

"Usiinue kichwa. Mimi siruhusiwi."

"Siuoni," alisema Mkaguzi.

"Mmepima kuta miezi yote hii. Mimi kuta zenyewe sijaziona tangu nilipotoka hospitali."

Fundi aliangalia kikombe chake. Mzee wa kanisa aliangalia juu, kwa mara ya kwanza nadhani, maana mdomo ulibaki wazi. Mkaguzi hakuinuka. Alilala pale muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kuogopa. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni mwa macho na kuingia masikioni, na yeye akiyaacha yaende. Kisha akavuta pumzi.

"Dari hii ina madoa," alisema.

"Najua," mkewe akamjibu. "Nimeyahesabu yote."

Siku ya pili tulibeba kitanda pamoja na Mama Rehema juu yake, tukamvusha barazani mpaka kwangu, huku akitukemea tusimgongeshe kwenye miimo ya mlango. Mkaguzi alipanda ngazi na ndoo ya chokaa. Alipaka dari mwenyewe, mara mbili, kisha akarudia tena. Alishuka na nywele nyeupe zaidi ya alivyopanda. Kwa miaka yote niliyomjua, ile ndiyo kazi ya nyumbani kwake niliyomwona akiimaliza.

Projekta ilifika kutoka Mikumi wiki hiyo hiyo. Wakailaza chini kwenye kigoda, imetazama juu, dirisha wakalifunika blanketi. Na kwa kuwa chumba kile kilikuwa chembamba lakini kirefu kwenda juu, picha ilipata nafasi yake yote. Ilienea dari nzima. Kitu cha kwanza walichofungulia kilikuwa kipindi cha mapishi. Mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu alikuwa anamimina mchele kwenye sufuria.

"Hajauosha," alisema Mama Rehema.

Tulimgeukia.

"Nasema hajauosha! Mwoneni! Na mafuta yote hayo, anapika au anakaanga gari?"

Mkaguzi, aliyekuwa amejilaza pale pale kwenye mkeka wake, alifunika uso kwa mkono. Nilidhani analia tena. Alikuwa anacheka.

Tangu siku hiyo, ukienda kumjulia hali mgonjwa ulilala. Hapakuwa na namna nyingine ya kuona. Mtu aliyekuwa akiwakemea watu wakae wima kanisani alikupokea mlangoni, akakagua miguu yako, safari hii kwa sababu ya mkeka, akakuonyesha pa kujinyoosha. Akina mama wa jumuiya walilala kwa safu kama wodini. Fundi wa redio alikuja, akalala, akakiri kwamba picha si mbaya. Mzee wa kanisa alikoroma. Umeme ulipokatika, na ulikatika sana, hakuna aliyeinuka. Tuliendelea kulala gizani mchana kweupe, tukipiga soga na sauti zikipanda juu, na Mama Rehema akiwa na maoni kwa kila mmoja. Nikiwa kwangu, nikisikia amri za jikoni zimerudi kupitia ukuta, nilijua mfupa unaunga.

Uliunga. Alianza kwa magongo, baadaye kwa fimbo. Alipoweza kukaa alisema hataki kuiona tena dari hiyo maisha yake, ahsante sana. Projekta ikaenda kanisani. Mzee wa kanisa aliipokea kwa hotuba, akaeleza jinsi yeye tangu mwanzo alivyoshauri hivyo hivyo. Walihamia Mikumi kwa Rehema mwaka uliofuata, na kota yao ikachukuliwa na kijana wa muziki ambaye sitamweleza hapa.

Mara ya mwisho kumwona Mkaguzi ilikuwa huko Mikumi. Nilikuwa nimepeleka makoti. Nilimkuta nje ya duka la vitambaa, amekaa kwenye benchi, mkoba wa kike mapajani ameushika kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekonda, shati limechomekewa vilevile.

"Shikamoo Mkaguzi."

Macho yakashuka, yakapanda. "Marahaba, jirani." Ilikuwa ndefu. Sijui nilichofanya kuistahili.

"Mama yuko wapi?"

"Ndani. Anachagua kitenge."

"Kaanza muda?"

"Tangu duka lilipofunguliwa."

Nilichungulia. Mama Rehema alikuwa amesimama na fimbo yake katikati ya vitambaa vilivyoshushwa rafu nzima, na muuzaji jasho linamtoka.

"Sasa mbona hujaingia kumsaidia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo ameshalisahihisha. "Nimeambiwa nishike mkoba," alisema. "Nimeshika."

Nikakaa naye. Tukaongea habari za Kilosa, nani kafa, nani kajenga. Hatimaye Mama Rehema alitoka, akanikumbatia, akaniuliza kwa nini nimenenepa, kisha akamgeukia mumewe na vipande viwili vya kitenge, kimoja cha kijani na kingine cha rangi ya kahawia.

"Kipi?" akamuuliza.

Mkaguzi alivitazama. Niliona kifua kikijaa hewa, niliona kidole kikiinuka kutoka kwenye mkoba, na nikajiandaa kwa urefu, upana na unene wa nyuzi. Kidole kikashuka.

"Wewe umependa kipi?" alisema.

"Mimi nimeshalipia cha kijani," Mama Rehema akasema. "Nilikuwa nakupima tu."

Akamkabidhi kitenge akibebe pamoja na mkoba, wakavuka barabara, yeye mbele na fimbo, Mkaguzi nyuma na mizigo, na dereva wa lori akasimama kuwapisha.